Mguu Hupona Nyumbani

Eldoret ni mahali pa kutazama miguu. Alfajiri, kabla makanga wa matatu za Iten hawajaanza kuita abiria, makundi ya wakimbiaji hupita kwenye barabara za vumbi za Kapsoya, Kimumu na Annex, na mama anayepanga sukumawiki kibandani anaweza kukuambia bila kuulizwa ni nani kati yao anayeficha maumivu. "Yule wa kofia nyekundu paja linamsumbua," atasema, na baada ya siku chache utasikia kijana amejitoa kwenye mashindano. Macho hayo hayakufunzwa chuoni. Yamelelewa na kizazi baada ya kizazi cha watu walioishi na mbio tangu Kipchoge Keino alipotwaa dhahabu ya mita 1,500 kule Mexico mwaka 1968, na sasa, baada ya mji wetu kupewa hadhi ya jiji Agosti 2024, bado ni miguu ya vijana wetu inayotufanya tujulikane ulimwenguni.

Mbwa akipita palepale akichechemea, macho hayohayo hayamwoni. Wala punda wa kubeba maji hayamwoni. Nimekuwa daktari wa mifugo katika Uasin Gishu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na kadiri miaka ilivyopita nimezidi kujikita katika tawi ambalo wengi hapa hudhani ni la Ulaya na la mitaa ya matajiri wa Nairobi: kumrudishia mnyama nguvu na mwendo wake baada ya jeraha, upasuaji au ugonjwa, na kumtunza mbwa wa kazi kama mwanariadha anavyotunzwa. Mimi sikuianza kazi hii kwa mbwa. Niliianza kwa ng'ombe aliyelala chini Moiben.

Nilitoka chuoni Upper Kabete, baada ya miaka mitano ya masomo, nikiwa na hamu ya kuokoa uhai. Nilijua ndigana, nilijua ugonjwa wa kiwele, nilijua kumgeuza ndama tumboni. Na katika kaunti ya maziwa kama yetu, hakuna kinachompa daktari kijana heshima ya haraka kama homa ya maziwa. Ng'ombe mzuri huzaa, na ndani ya siku tatu hivi kalsiamu kwenye damu inashuka kwa kuwa maziwa yanaichota upesi kuliko mwili unavyoweza kuitoa kwenye mifupa na chakula. Anayumba, analala, kichwa anakigeuzia ubavuni. Daktari anafika, anainua chupa ya kalsiamu, anaiachia iingie polepole mshipani huku akisikiliza mapigo ya moyo, na mara nyingi mnyama anainuka mbele ya macho ya boma zima. Watu wanapiga makofi, chai inaletwa.

Lakini kuna ng'ombe anayegunduliwa kwa kuchelewa. Amelala usiku kucha kwenye sakafu ya simiti, na uzito wake wote, pengine kilo 500, umeukandamiza mguu mmoja wa nyuma. Dawa inaingia, masikio yanapata joto, anaanza kula, ila hainuki. Misuli na neva za mguu ule zimekosa damu kwa saa nyingi, na chupa ya pili au ya tatu haitazirudisha. Hapo ndipo daktari mwenye haraka hufunga mkoba na kumtaja mchinjaji.

Kwa kogo, yaani bibi, mmoja wa Moiben, wanawe walikuwa wamekwisha kumpigia mchinjaji nilipofika mara ya pili. Yeye alikataa. Aliniuliza swali moja tu: "Daktari, kama angekuwa mtu, ungemfanyia nini?" Nilimweleza nilichokijua kutoka vitabuni. Mnyama aondolewe kwenye simiti, awekwe kwenye udongo wenye matandiko mazito ya majani ya ngano, ili siku akijaribu kusimama kwato zisiteleze. Ageuzwe kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kila baada ya saa tatu au nne, mchana na usiku. Akae kifudifudi, asilale ubavu mzima, tumbo lisije likajaa gesi. Miguu ya nyuma ikandwe, ikunjwe na kunyooshwa. Maji na majani yawe karibu na mdomo wake. Nilipokuwa nikiyasema hayo sikuamini kwamba yangefanyika. Ni kazi ya watu wanne, usiku wa baridi, kwa mnyama ambaye huenda asiinuke.

Kogo alipanga zamu kwa redio. Kila taarifa ya habari aliyoichagua ikianza, wajukuu walitoka na magunia, wakayapitisha chini ya nyonga na kumgeuza. Usiku redio ikinyamaza, aliamka mwenyewe na kuwaamsha. Alikanda ule mguu kwa maji ya uvuguvugu, akianzia kwatoni na kupanda juu, na alipogundua kwamba ng'ombe hukunja shingo akiguswa sehemu fulani ya paja, aliniita akanionyesha. Ng'ombe alijaribu, akaanguka kwa magoti ya mbele, akajaribu tena. Siku aliposimama alitetemeka mwili mzima, na wajukuu wakamshikilia kwa magunia yaleyale hadi akapiga hatua.

Nilirudi mjini nikitafakari hesabu iliyokuwa wazi. Mimi nilikuwa nimekaa na mnyama yule muda usiotosha hata kuchemsha githeri. Mchana na usiku mwingine wote ulikuwa wa yule bibi na wajukuu wake. Nilichompa ni maelezo, naye ndiye aliyetibu. Tangu hapo nimekuwa nikiamini jambo moja kuhusu kazi hii, na sijapata sababu ya kulibadilisha: mguu wa mnyama huponywa na aliye naye nyumbani, na kazi ya daktari ni kumfundisha huyo mtu vizuri, kwa lugha ya maisha yake, na kuamini mikono yake.

Kwingineko taaluma hii ilikua kwa njia nyingine. Mizizi yake iko kwa farasi na mbwa wa mashindano, kwa mfano greyhound wanaokimbia kwenye kona kali hadi mifupa midogo ya kifundo cha mguu wa nyuma inavunjika, na mbwa wa Alaska wanaovuta sleji katika mashindano ya Iditarod, yaliyoanza mwaka 1973 kwenye njia ya karibu kilomita 1,600. Madaktari huwakagua mbwa hao vituoni njia nzima, makucha, viungo, moyo, na anayeonyesha dalili mbaya haendelei. Ninapenda kuwasimulia wakimbiaji wetu habari za wanyama hawa. Mbwa wa sleji anaweza kuhitaji kilokalori 10,000 kwa siku, na uwezo wake wa kutumia oksijeni, ukilinganisha kilo kwa kilo, ni zaidi ya mara mbili ya ule wa mwanariadha bora kabisa wa mbio ndefu. Kijana wa Kaptagat akisikia hivyo hunyamaza kidogo, kisha humtazama mbwa wake kwa jicho jipya.

Mwaka 2004 Darryl Millis, David Levine na Robert Taylor walichapisha kitabu kikubwa cha fiziotherapia ya mbwa, na mwaka 2010 Marekani ikatambua rasmi ubingwa wa tiba ya michezo na urejeshaji nguvu kwa wanyama. Nilikisoma kitabu hicho jioni baada ya jioni. Kilichonivutia kuliko vyote ni mashine ya kutembea iliyowekwa ndani ya tanki la maji. Maji yakimfika mbwa kifundoni, bado anabeba karibu asilimia 91 ya uzito wake. Yakifika gotini, asilimia 85. Yakifika nyongani yanashuka hadi kama 38. Fikiria maana yake kwa mbwa aliyepasuliwa goti: anatembea, misuli inafanya kazi, kiungo kinakunjwa na kunyooka, na zaidi ya nusu ya mzigo imechukuliwa na maji.

Nililitamani tanki hilo kwa muda mrefu. Nilipiga mahesabu ya umeme, ya maji, ya vipuri vinavyotoka ng'ambo. Na ninasema kwa dhati: leo mtu akinipa fedha hizo, nitaajiri kwanza vijana wawili wenye stadi na kuwanunulia pikipiki, wawe wanafika nyumbani kwa watu Turbo, Ziwa na Burnt Forest. Tanki lingemhudumia mbwa anayeweza kuletwa mjini mara tatu kwa wiki kwa gari. Wagonjwa wangu wengi hawana gari.

Mtu aliyenifunza namna ya kuzungumza na wenye wanyama ni mwanariadha mmoja anayefanya mazoezi upande wa Kaptagat. Alikuwa na mbwa jike wa rangi ya mchanga, mrefu wa miguu, ambaye alikuwa akimfuata msituni kwenye mbio za Alhamisi, zile za kilomita 30 na zaidi. Aliletwa kwangu akigusa ardhi kwa ncha ya mguu wa nyuma wa kulia tu. Mwenyewe alidhani ni mwiba. Nilishika paja kwa mkono mmoja na mundi kwa mwingine, na mundi ukateleza kwenda mbele kama droo inayovutwa. Ukano ulio ndani ya goti ulikuwa umekatika.

Kwa mchezaji wa kandanda ukano huo hukatika kwa kishindo, mara moja, uwanjani. Kwa mbwa mara nyingi huwa umedhoofika nyuzi kwa nyuzi, miezi na miezi, na siku anaporuka mtaro ndipo zile zilizobaki zinaachia. Ndiyo sababu mbwa wengi waliokatika ukano wa goti moja huja kukatika la pili. Kulaumu mtaro hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kujua kwamba mguu mzima nao uko hatarini, na kwamba kila siku unapobeba mzigo wa mwenzake hatari inaongezeka.

Nilimpasua, nikaweka uzi imara nje ya kiungo uchukue kazi ya ukano hadi tishu zinazozunguka goti ziwe ngumu vya kutosha. Upasuaji ulikwenda vizuri. Wiki ya tatu mwenye mbwa alinipigia akiwa na furaha tele. Mbwa hachechemei tena, na asubuhi ile walikuwa wamekwenda pamoja hadi mtoni na kurudi.

"Daktari, si amepona? Anakimbia sawasawa."

"Wewe ulipochanika msuli wa nyuma ya paja mwaka ule, siku maumivu yalipoisha, kocha alikupeleka uwanjani?"

Alinyamaza. "Hapana. Nilitembea kwanza. Halafu nikawa nakimbia dakika moja, natembea dakika moja."

"Kwa nini hakukuachilia?"

"Kwa sababu maumivu yanaisha kabla mwili haujawa tayari." Akanyamaza tena. "Sawa, daktari. Nimeelewa. Niandikie programu."

Niliandika, lakini yeye aliiandika upya kwa namna yake, kwenye daftari lilelile la mazoezi yake, ukurasa wa kushoto wake na wa kulia wa mbwa. Wiki za mwanzo, kutoka nje kwa kamba tu, dakika tano, mara tatu au nne kwa siku, kwenye nyasi, mwendo wa pole ili mguu ulazimike kukanyaga. Kila wiki dakika tano zaidi, ikiwa goti halijavimba jioni. Kuanzia wiki ya sita, kupanda mteremko mdogo, na kuketi na kusimama, kuketi na kusimama, zoezi linalojenga paja kuliko yote ninayoyajua. Hakuna kuruka, hakuna ngazi, hakuna kucheza na mbwa wa jirani. Wiki ya kumi na mbili ndipo angeachiliwa, akianza na dakika chache. Aliposhawishika kumfungua mapema, alitazama ukurasa wa kushoto. Wakimbiaji wetu wanajua kwamba siku ya mbio nyepesi ni nyepesi kwelikweli, hata kwa bingwa wa dunia. Wanajua Jumapili ni ya kupumzika. Nilichohitaji kukifanya ni kuwaonyesha kwamba mwili wa mbwa unafuata kanuni ileile, basi nikapata wasaidizi ambao hospitali yoyote ya ng'ambo ingewatamani.

Vifaa vyangu vingi vinatoka jikoni na shambani. Tepu ya fundi cherehani hupima unene wa paja, mahali palepale kila wiki, kulia na kushoto, na tofauti ikipungua tunajua tunaelekea kuzuri. Mipini ya jembe na fito za mianzi, zikilazwa kwenye nyasi, humfundisha mbwa kuinua miguu na kuiweka kwa makusudi. Godoro kuukuu, akisimama juu yake huku ukimsukuma kidogo nyongani, huamsha misuli midogo ya mgongo na ya kushika mizani. Siku za kwanza baada ya jeraha, barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika kumi hadi kumi na tano, kisha iondolewe. Uvimbe ukishaisha ndipo joto linafaa, kabla ya kunyoosha kiungo. Simu nayo imekuwa jicho langu la pili. Ninaomba video ya mbwa akitembea kuelekea kamera, akiondoka, na akipita ubavuni, kwanza kwa hatua za kawaida na kisha mchakamchaka.

Na ninawafundisha wenye mbwa kusoma video hiyo wenyewe. Mbwa hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa huinuka pale mguu huo unapokanyaga na hushuka pale mzima unapokanyaga. Ukiuma wa nyuma, tazama nyonga, utaona upande mmoja ukipanda juu zaidi kila hatua. Mama wa kibanda cha sukumawiki angelijifunza hilo kwa siku moja.

Kuna mambo mawili ninayoyasema kabla ya zoezi lolote, na hapa sina mzaha. La kwanza ni dawa. Mtu anamwonea mbwa wake huruma, anampa Brufen au diclofenac kutoka kabatini, na baada ya siku chache mbwa anatapika damu. Dawa hizi hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake, hata kwa kipimo ambacho mtoto wa binadamu angevumilia. La pili ni kichaa cha mbwa. Kenya imejiwekea mkakati wa kukitokomeza ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mimi ninaomba watoto wakande miguu ya mbwa, washike mdomo, walale naye kwenye nyasi. Siwezi kuomba hivyo kwa mbwa asiyechanjwa. Chanjo kwanza, kisha mazoezi, hata kama mwenyewe ana haraka.

Mbwa wa ulinzi ndio walionifanya nifikirie kinga zaidi ya tiba. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na usiku wa Julai unaijua baridi yake. Mbwa wa soja anasimama kwenye simiti ya ghala la mahindi tangu jua kuzama hadi kupambazuka, kisha anarudishwa kwenye banda ambalo nalo ni la simiti. Viwiko vinaota sugu, nyonga za mbwa wa aina ya German Shepherd, ambazo mara nyingi zina kasoro ya kurithi, zinaanza kusagika, na mwenye kampuni anaita daktari siku mbwa anaposhindwa kupanda kwenye pikapu. Wakati huo gegedu zimekwisha kulika, na gegedu hazioti tena zikawa kama zamani.

Ninapoongea na makampuni hayo huwatolea mfano wa mbwa wa uhifadhi. Shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mwaka 2014 mpango wa mbwa wa kunusa pembe za ndovu na za faru, na mbwa na waelekezi wao hufunzwa pamoja Usa River, karibu na Arusha, kabla ya kupelekwa kwenye viwanja vya ndege na bandari, Mombasa ikiwemo. Kongo, katika hifadhi ya Virunga, kikosi cha mbwa wa kufuata nyayo kilianzishwa mwaka 2011 kwa msaada wa daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner. Nguvu ya vikosi vya namna hii ni uhusiano wa mtu na mbwa wake. Mwelekezi hujua pumzi ya mbwa wake, hujua anavyokanyaga akiwa mzima, kwa hiyo tofauti ndogo haimpiti.

Kwa hiyo ninamfundisha soja. Kila jioni kabla ya zamu, mikono miwili ianzie kisogoni, ishuke mabegani, ipite uti wa mgongo hadi mkiani, kisha mguu mmoja baada ya mwingine hadi kati ya vidole, ikitafuta joto, uvimbe, mwiba, au mahali ambapo mbwa anageuka kutazama. Ni dakika chache. Baada ya hapo watembee pamoja polepole hadi misuli ipate joto. Na kipande cha mbao au gunia nene kwenye simiti. Soja mmoja wa Langas alinipigia saa mbili usiku kuniambia bega la kushoto la mbwa wake lina joto kuliko la kulia. Sikuhisi tofauti hiyo nilipofika asubuhi, hadi aliponishika mkono na kuuweka mahali penyewe. Yule mbwa alipumzishwa siku kadhaa na akarudi kazini mzima. Ninaona fahari juu ya jambo hilo kuliko upasuaji wowote niliowahi kufanya, na ninaamini mtu yule alistahili nyongeza ya mshahara.

Punda wa maji wanahitaji makala yao. Nitasema tu kwamba punda huficha maumivu kuliko mbwa, kwamba kidonda cha bega kinachosababishwa na mikanda mibaya ya kuvutia mkokoteni hubadilisha hatua zake na kuharibu viungo vya mguu wa upande wa pili, na kwamba nyota yao ilififia sana katika miaka ile machinjio ya punda yalipokuwa yakifanya kazi nchini, hadi serikali ilipoyapiga marufuku Februari 2020. Mnyama anayeweza kuibwa usiku na kuuzwa ngozi yake, nani atahangaika kumkanda mguu?

Swali ninaloanza nalo siku hizi, kabla sijamgusa mnyama, ni hili: nani yuko nyumbani mchana? Nimelifikia baada ya kuona programu nzuri zikishindikana katika nyumba za watu wema. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni, mwenye watoto wanne, hawezi kumnyoosha mbwa mguu mara tano kwa siku, na nikimwandikia hivyo nimemwandikia aibu tu. Humwuliza siku yake inavyokwenda. Akisema kijana wake hukamua saa kumi na moja jioni, basi mbwa atatembezwa hadi zizini na kurudi saa hiyo, na ndiyo dozi yake. Akisema wanakula saa mbili, basi mbwa ataketi na kusimama mara kumi kabla hajapewa mabaki ya ugali. Mazoezi mawili yanayofanyika kila siku yana thamani kuliko manane yaliyoandikwa vizuri kwenye karatasi. Wenzangu vijana hunibishia hapa. Wanasema ninashusha kiwango. Mimi ninawaomba waende wakapime mapaja baada ya mwezi.

Kuna nyumba ambazo jibu la swali lile ni "hakuna mtu", na kuna majeraha ambayo hata nyumba iliyojaa watu haiyawezi. Bodaboda zinawavunja mbwa wengi migongo. Ili kupima, unabana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo hadi kwenye mfupa. Mguu unaweza kujivuta wenyewe, hilo ni la uti wa mgongo peke yake. Unachotafuta ni mbwa ageuke, alie, atake kukuuma, yaani habari ifike kichwani. Isipofika, uwezekano wa kutembea tena ni mdogo sana. Nimewahi kulisema hilo mbele ya mtoto aliyekuwa amemshikilia mbwa kichwa, na babake akataka nimpe matumaini kidogo. Sikuyatoa. Nilikaa nao chini, nikaeleza tulichokiona, nikawaeleza maisha ya mbwa asiyeweza kujizuia haja wala kujisogeza katika banda la matope, nikawaachia muda. Kuwaomba watu mikono yao kwa miezi mitatu ni jambo zito. Ukiomba mahali pasipo na tumaini, umewaibia, na safari nyingine hawatakuamini palipo na tumaini.

Wanafunzi wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo huwapeleka kwanza kwa ng'ombe aliyelala, sio kwa mbwa. Wakae, wageuze, wasikie uzito. Wajue mgongo wa mtu anayeuguza unavyouma saa tisa usiku. Baada ya hapo maagizo yao huwa mafupi na yenye huruma.

Yule jike wa rangi ya mchanga wa Kaptagat ni mzee sasa, na mwezi uliopita mguu wake wa kushoto ulianza kusumbua. Mwenyewe alikuwa amekwisha kupima mapaja yote mawili kwa tepu, akanitumia tarakimu na video ya mchakamchaka kabla sijaomba. Goti halijaachia kabisa, na kwa umri wake sitaki kumpasua ikiwa misuli inaweza kulishikilia. Tumekubaliana apunguzwe uzito kilo mbili, mteremko usimamishwe, atembezwe kwenye nyasi tambarare asubuhi na jioni, na tarakimu nyingine ninazisubiri Jumamosi.